SOMO KWA WAMAMA: ALAMA AMBAZO MZAZI ANAACHIA MTOTO NA MJUKUU



Kila juma kwenye kliniki tunapima watoto wenu na kuandika kilo zao katika fishi. Mtoto mmoja anapanda vizuri, mwingine anabaki palepale. Ndipo maneno yanaanza nyumbani. Mmoja anasema: "Ni damu ya ukoo wa mama yake." Mwingine anasema: "Tate yake alikuwa vilevile, hakuna kitu cha kufanya." Mwingine tena anatafuta mtu wa kushitaki kwa uchawi. Mara nyingi mzigo wote unaanguka juu ya mama peke yake.

Somo la leo linajibu swali moja: mzazi anarithisha mtoto wake kitu gani? Sisi wote tunajua kwamba mtoto anapokea sura na damu kwa baba na kwa mama. Lakini kuna urithi wa pili, na huo unaguswa na chakula, na njaa, na joto, na hata namna mtoto anavyopakatwa. Wataalamu wameuchunguza zaidi katika wanyama. Panya mdogo anabeba mimba majuma 3 tu, na mtu anaweza kuona wajukuu wa panya huyo kabla mwaka haujaisha. Basi tutaangalia nyuki, panya na mnyoo wa udongo, kisha tutarudi kwetu sisi watu. Soma polepole, na umsomee jirani yako asiyejua kusoma.

1. Kitabu ni kimoja, nyimbo ni mbalimbali

Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona. Ndani ya chembe kuna nyuzi nyembamba za urithi. Watoto wenu wa sekondari wanazijua kwa jina la ADN. Juu ya nyuzi hizo yameandikwa maagizo ya kujenga mwili. Kila agizo linaitwa jeni. Nusu umeipata kwa baba yako na nusu kwa mama yako.

Sasa fikiri kidogo. Chembe ya jicho na chembe ya ini ziko na nyuzi zilezile na maagizo yaleyale. Juu ya nini jicho linaona na ini halioni? Ni kwa sababu juu ya nyuzi kuna alama ndogo. Alama zinaonyesha agizo gani lisomwe hapa, na agizo gani linyamaze.

Ni sawa na kitabu cha nyimbo cha kwaya. Kitabu kiko na nyimbo mamia. Kiongozi ameweka vipande vya karatasi kwenye nyimbo za leo, na kurasa zingine amezifunga pamoja. Hakubadilisha hata herufi moja ya kitabu. Lakini kwaya itaimba zile tu ambazo ziko wazi. Kwaya nyingine yenye kitabu kilekile itaimba nyimbo zingine, kama vipande vya karatasi vimewekwa mahali pengine.

Alama inayojulikana zaidi inaitwa metili. Ni kitu kidogo sana, kaboni moja na hidrojeni tatu. Metili nyingi zikishikamana na mwanzo wa jeni, kwa kawaida jeni hiyo inanyamaza. Na metili inatoka wapi? Mwili unaitengeneza kwa msaada wa chakula: folati ya majani na maharagi, vitamini B12 ya samaki, nyama na mayai, na kolini, ambayo ni nyingi katika mayai. Hapo ndipo sufuria yako inagusa nyuzi za mtoto wako.

Kuna alama za namna nyingine. Nyuzi za ADN zimezungushwa juu ya protini ndogo za mviringo zinazoitwa histoni, na mahali zilipokazwa sana hazisomeki. Kuna pia ARN ndogo, mfano wa barua fupi zinazotembea ndani ya chembe na kuiambia ni jeni gani ya kufunga. Elimu ya alama hizi zote inaitwa epijenetiki. Jina hilo lilitolewa mwaka 1942 na mtaalamu wa Uingereza, Conrad Waddington.

2. Malkia wa nyuki anatoka wapi?

Wababa wenye mizinga wanajua kwamba ndani ya mzinga kuna malkia mmoja na wafanyakazi maelfu. Malkia ni mrefu, anataga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku wakati wa maua mengi, na anaweza kuishi miaka. Mfanyakazi hatagi kama yeye, na wakati wa kazi nyingi anaishi majuma machache tu. Lakini walipokuwa wadogo, mfano wa funza, hakukuwa tofauti kati yao. Funza yeyote wa kike angeweza kuwa malkia.

Tofauti iliingia kwa chakula. Siku za kwanza wote wanalishwa chakula cheupe ambacho nyuki walezi wanatoa kichwani mwao. Baadaye wale watakaokuwa wafanyakazi wanabadilishiwa chakula. Yule atakayekuwa malkia anaendelea kulishwa kile cheupe, tena kingi.

Mwaka 2008 wataalamu wa Australia, pamoja na Ryszard Maleszka, walizuia kazi ya kuweka metili ndani ya funza wa nyuki. Wengi wa funza hao walikua kuwa malkia, ingawa hawakupewa chakula cha malkia. Hivyo tunaelewa kwamba chakula kinafanya kazi yake kwa kupitia alama. Kitabu ni kilekile, lakini kurasa zilizofunguliwa si zilezile.

Huyo ni nyuki mmoja na mwili wake mmoja. Je, alama hizo zinaweza kupita kwa mtoto?

3. Alama nyingi zinafutwa

Jibu la kwanza ni hili: nyingi hazipiti. Mbegu ya baba na yai la mama zikikutana, mwili mpya unafuta sehemu kubwa ya alama za zamani. Ni lazima iwe hivyo. Chembe ile ya kwanza inapaswa kuweza kuwa jicho, mfupa, ini na ngozi. Haiwezi kuanza kazi na kurasa zilizofungwa na mtu mwingine. Baadaye, mtoto akiwa bado tumboni, chembe ambazo zitakuwa mayai yake au mbegu zake zinafutwa mara ya pili, na kuandikwa upya.

Lakini mwenye kufagia nyumba anajua kwamba pembeni panabaki vumbi kidogo. Vilevile hapa, mahali pachache panaponyoka ufagio. Panya wa manjano wametuonyesha jambo hilo.

4. Panya wa manjano na panya wa kahawia

Katika maabara kuna jamii ya panya wadogo waliozalishwa wao kwa wao muda mrefu, mpaka ADN yao imekuwa sawa karibu kabisa. Hata hivyo, katika uzazi mmoja unaona mtoto mmoja wa manjano na mnene, na ndugu yake wa kahawia na mwembamba. Wote wawili wako na jeni moja inayoitwa aguti. Jeni hiyo ikiwa wazi saa zote na mwilini pote, manyoya yanakuwa manjano, panya anakula bila kushiba, ananenepa, na kwa urahisi anapata ugonjwa wa sukari na uvimbe. Metili ikiifunga, panya anakuwa wa kahawia na mwenye afya.

Mwaka 1999 wataalamu wa Sydney, katika Australia, pamoja na Emma Whitelaw, waliona kwamba mama wa kahawia anazaa watoto wa kahawia wengi zaidi kuliko mama wa manjano. Mtu angeweza kusema: "Ni tumbo la mama mnene linaloharibu." Wakajaribu. Walichukua mayai yaliyokwisha kutungwa ya mama wa manjano na kuyaweka katika tumbo la panya mwingine. Matokeo yalibaki yaleyale. Basi alama ilikuwa imekuja na yai lenyewe. Haikufutwa yote.

Mwaka 2003 Robert Waterland na Randy Jirtle wa Chuo Kikuu cha Duke, katika Marekani, walifanya jaribio lingine. Panya wa kike walipewa asidi foliki, vitamini B12, kolini na betaini juu ya chakula chao cha kila siku. Walianza majuma 2 kabla ya mimba, wakaendelea mpaka kunyonyesha. Watoto wao wa kahawia waliongezeka, na jeni ya aguti ilikuwa na metili zaidi. Uzi ulikuwa uleule, lakini chakula cha mama kiliandika alama.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mwaka 2007 Waterland na wenzake walitaka kujua kama faida hiyo ya chakula inajumlishwa kutoka mama hadi binti, na binti hadi mjukuu. Waliona kwamba haikujumlishwa. Alama zilizoletwa na chakula cha mama zilimfaidia mtoto wake, lakini hazikupita kwa wajukuu kwa njia ya binti zake. Kila mama alihitaji chakula chake mwenyewe, kwa mimba yake mwenyewe.

Je, umeona? Huwezi kusema: "Tate yetu alikula vizuri, inatosha." Na huwezi pia kusema: "Tate yetu alilala njaa, sisi tumekwisha haribika." Katika kila mimba kazi inaanza tena.

5. Vizazi vitatu katika mimba moja

Mama anaweza kuuliza: "Kama ni hivyo, juu ya nini mnasema habari za wajukuu?"

Kuna sababu nyepesi. Mtoto wa kike anatengeneza mayai yake angali tumboni. Akiwa na miezi 5 katika tumbo la mama, mayai yake ni karibu milioni 6 au 7. Baada ya hapo yanapungua tu, na baada ya kuzaliwa haongezi mengine. Maana yake ni kwamba yai ambalo wewe ulitoka lilianza kuumbwa wakati mama yako alikuwa ndani ya tumbo la tate yako.

Basi mama mwenye mimba ya msichana anabeba vizazi vitatu: yeye mwenyewe, binti yake, na mwanzo wa wajukuu wake. Homa kali, njaa au sumu ikimpata, inaweza kuwagusa wote watatu siku moja. Ndiyo maana wataalamu hawasemi haraka kwamba alama imerithiwa. Kwa njia ya mama mwenye mimba wanangoja mpaka kitukuu, kwa sababu huyo ndiye wa kwanza ambaye hakuwemo wakati wa taabu.

Kuna mnyama mmoja ambaye ameshinda mtihani huo wazi kabisa. Ni mnyoo mdogo wa udongo, urefu wa milimeta 1, anaitwa Caenorhabditis elegans. Si mnyoo wa tumbo, hana ugonjwa kwa mtu. Katika joto la nyuzi 20 uzao wake mpya unapatikana karibu kila siku 3 au 4. Mwaka 2017 wataalamu wa Barcelona, katika Hispania, waliweka ndani yake jeni inayong'aa. Katika joto la nyuzi 20 iling'aa kidogo tu, katika nyuzi 25 iling'aa sana. Minyoo iliyokaa katika joto kwa vizazi 5 ilirudishwa kwenye baridi. Uzao wake uliendelea kung'aa kwa vizazi 14. Hakuna hata mmoja kati ya uzao huo aliyelijua joto lile. Kumbukumbu ilipita kwa alama za histoni.

Lakini mnyoo si panya, na panya si mtu. Mwili wetu unafagia zaidi kuliko mwili wa mnyoo. Usiende kumwambia jirani kwamba dhambi au njaa ya tate inafuata watu vizazi 14. Sivyo tulivyofundisha.

6. Baba naye analeta alama

Wababa wengi wanadhani kazi yao inakwisha usiku ule wa kutunga mimba, na mambo ya chakula ni ya mwanamke. Panya wanawakatalia.

Mwaka 2010 Oliver Rando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, katika Marekani, walilisha panya dume chakula chenye protini kidogo. Mama walikula vizuri. Hata hivyo, ini la watoto lilibadilisha kazi yake ya kutengeneza mafuta na kolesteroli. Baba hakumlisha mtoto kitu chochote, alitoa mbegu tu. Mwaka 2016 kundi hilo lilionyesha kwamba mbegu za baba, zikiwa zinakomaa, zinapokea ARN ndogo, na ARN hizo zinabadilika kwa kadiri ya chakula chake. Zile barua fupi tulizotaja, baba naye anazituma.

Kwa mwanaume, mbegu moja inahitaji miezi 2 na nusu hivi ili kutengenezwa. Basi baba anayetaka mtoto mwenye afya aanze mapema kupunguza lutuku na kasiksi, kuacha tumbaku, na kula maharagi na mboga pamoja na bibi yake. Somo hili umpelekee na yeye.

7. Panya anayelamba watoto wake

Kuna alama zingine ambazo hazipiti kwa yai wala kwa mbegu. Zinapita kwa malezi. Michael Meaney na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, huko Montreal katika Kanada, waliangalia panya wakubwa jinsi wanavyotunza watoto. Mama wengine wanawalamba watoto wao sana katika juma la kwanza, wengine kidogo. Watoto waliolambwa sana walikua watulivu, hawakushtuka ovyo. Waliolambwa kidogo walikua wenye woga mwingi.

Je, ni damu? Mwaka 1999 walibadilishana watoto. Mtoto wa mama asiyelamba alilelewa na mama anayelamba. Akakua mtulivu. Na alipozaa, akawalamba watoto wake sana, kama mama mlezi wake alivyomfanyia, si kama mama aliyemzaa.

Mwaka 2004 walionyesha mahali alama inapokaa. Ndani ya ubongo kuna jeni inayotengeneza kipokezi, mfano wa mlango, kinachopokea homoni ya mashaka na kuituliza. Kwa panya waliolambwa sana, mlango huo ulikuwa na metili kidogo, kwa hiyo ulifunguka vizuri. Kwa wale wengine ulikuwa umefungwa na metili nyingi. Wataalamu walionyesha pia kwamba, hata kwa panya aliyekomaa, dawa fulani iliweza kuibadilisha alama hiyo. Alama si jiwe.

Urithi huu unapita kutoka mama kwenda binti kwenda mjukuu, lakini unapita kwa mikono. Ukikatika mahali pamoja unaweza kuanza tena mahali pengine.

8. Na sisi watu?

Kwa watu kazi ni ngumu zaidi. Hatuwezi kuwafungia watu kama panya, na mtoto anakula katika sahani ya wazazi wake na kulala katika nyumba yao. Ni vigumu kutenga kile kilichokuja kwa yai na kile kilichokuja kwa sufuria. Kwa watu haijahakikishwa kwamba alama za njaa zinapita mpaka vitukuu. Lakini kwamba maisha ya mama yanaandika alama kwa mtoto aliye tumboni, ushahidi upo.

Katika Uholanzi, wakati wa vita, watu walipata njaa kubwa katika majira ya baridi ya 1944 na 1945. Mwaka 2008 wataalamu walipima damu ya watu waliotungwa mimba wakati huo. Baada ya miaka 60 alama juu ya jeni moja ya kukuza mwili zilikuwa bado tofauti na za ndugu zao waliotungwa wakati mwingine.

Katika Gambia, miezi ya mvua ni miezi ya kazi nyingi shambani na akiba kidogo ghalani. Mwaka 2014 wataalamu waliandika kwamba watoto waliotungwa wakati wa mvua na watoto waliotungwa wakati wa kiangazi hawakuwa na alama sawa, na kwamba chakula cha mama siku za kutunga mimba kilihusika.

Na hapa kwetu Kongo, mwaka 2012 Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake waliandika juu ya wamama 25 waliozaa katika mji wa Goma. Wamama walieleza taabu zao: vita, kukimbia, kutendewa jeuri, umaskini. Walioteswa zaidi walizaa watoto wenye kilo chache zaidi, na jeni moja ya watoto wale ilikuwa na metili zaidi. Ilikuwa jeni gani? Ni ileile ya mlango wa homoni ya mashaka tuliyoiona kwa panya.

Wamama 25 si wengi, na uchunguzi mmoja haumalizi maneno. Lakini unatosha kuzuia ulimi wa yule anayemcheka mama aliyezaa mtoto mdogo. Mama yule hakuchagua vita. Hakuchagua kulala porini na mimba. Alama zile si kosa lake. Ni ushuhuda wa mambo aliyotendewa.

9. Sasa tufanye nini?

Msichana ale. Katika nyumba nyingi msichana anapika na kula mwisho, akipata mabaki. Yeye ndiye mama wa kesho. Mgongo wa mtoto unafungwa katika siku 28 za kwanza, kabla mama wengi hawajajua kama wako na mimba. Folati inapaswa kuwa imeshaingia mwilini wakati huo. Anayengoja tumbo lionekane amechelewa.

Mama mwenye mimba asikatazwe mayai. Kuna nyumba ambamo mayai, kuku na samaki ni vya baba na wageni. Chakula hicho ndicho chenye B12 na kolini. Yai moja, au mkono mmoja wa ndagala juu ya bugali, ni dawa ya bei ndogo.

Maharagi, karanga, soya na majani kila siku. Sombe ni lazima itwangwe na kupikwa vizuri, kwa sababu ya sumu yake. Lakini lengalenga na matembele hayahitaji moto mrefu. Folati inapotea kwa moto mwingi na kwa maji yanayomwagwa, basi maji ya mboga uyatumie.

Dawa ya damu inayotolewa kliniki, ile ya chuma na asidi foliki, uimeze kila siku kama ulivyoelezwa. Usizidishe kwa kusikia habari za panya wa manjano. Kipimo cha mama si kipimo cha panya. Uje kliniki mapema, na ulale ndani ya chandarua, kwani malaria katika mimba inapunguza kilo za mtoto.

Usinywe pombe wala kuvuta tumbaku wakati wa mimba. Kaa mbali na dawa za kupulizia shamba, na usiweke chakula katika chupa au mkebe wake.

Mtoto mpakate. Umnyonyeshe maziwa peke yake miezi 6. Umbebe, uongee naye, umwimbie. Kama amezaliwa na chini ya kilo 2 na nusu, mwambie muuguzi akuonyeshe namna ya kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi. Kama mama ni mgonjwa, tate, shangazi au baba anaweza kufanya vilevile. Panya wa Montreal wametuonyesha kwamba mikono ya mlezi inaweza kuandika alama njema.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mtoto anarithi nyuzi za ADN, na juu yake alama zinazofungua au kufunga jeni.
2. Alama nyingi zinafutwa kila mtoto anapoanza. Chache zinaponyoka.
3. Chakula cha mama kinaandika alama kwa mtoto aliye tumboni. Katika panya, faida hiyo haikutosha kwa mjukuu: kila mimba inahitaji chakula chake.
4. Mwili wa baba nao unatuma alama.
5. Malezi mema yanapita kutoka mama hadi binti, hata kama si damu moja.
6. Mtoto mdogo si laana ya ukoo wala kosa la mama peke yake. Ni mwito kwa jamaa yote kuleta chakula na msaada.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Juu ya nini malkia na mfanyakazi si sawa, na wote wawili walikuwa funza sawa?
2. Mama mwenye mimba ya msichana anabeba vizazi vingapi? Eleza kwa maneno yako.
3. Panya aliyelelewa na mama mwingine alifuata mfano wa nani alipozaa?
4. Nyumbani kwako, nani anakula mayai? Nani anakula mwisho? Mtabadilisha nini juma hili?
5. Ukisikia mtu anamwambia jirani yako, "Ni damu ya ukoo wako," utamjibu nini?